Wageni wa Silanga

Kawangware,
10 Februari 2025

Mama Joan,

Magunia haya ya mbolea ni ya ng'ombe wangu Nyakeru na ndama wake. Barua iko ndani ya pakiti ya unga iliyofungwa kwenye mdomo wa gunia la juu. Nimemwambia Antony asiikalie huko kwenye mkokoteni kama ile ya Krismasi, ambayo ulisema ilifika ikinuka kuliko mbolea yenyewe.

Usijaribu kunipigia simu. Sikio la kushoto limeenda kabisa na la kulia linachagua la kusikia. Kijana wangu Kabiru amenionyesha ile ya kuandikiana kwa simu, lakini herufi ni ndogo na kidole changu kinagusa mbili kwa pamoja. Nimechoka kuonyeshwa. Kalamu naijua.

Nyonga bado inanisumbua tangu nianguke zizini. Natoka mlangoni, nafika kwa ng'ombe, narudi. Basi, hiyo ndiyo safari yangu siku hizi.

Niambie kile kikao cha maoni kilikwendaje huko kwenu. Cha huku kilikuwa Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Riruta. Nikamtuma baba Kabiru. Amerudi ameshiba chai na mkate, na hakuna alichonieleza ila kwamba serikali inaandika sera mpya ya taifa ya tabianchi na safari hii inataka kusikia wakulima kwanza. Nikamuuliza, sasa wewe Simeon ulisema nini? Akasema, nilijitambulisha vizuri. Akaenda kulala.

Wewe ulisema utakwenda na kikundi chako chote. Mlisema ya mto? Mafuriko ya mwaka jana yalivyowamaliza, mlikuwa na ya kusema kuliko sisi.

Kabiru anapima nyuma ya zizi kwa kamba. Nikimuuliza anapima nini, anasema anapima tu.

Ni mimi,
Mama Kabiru


Silanga, Kibera,
13 Februari 2025

Mama Kabiru,

Mbolea imefika, na barua imenuka kidogo tu. Nakujibu Antony akiwa amekaa mlangoni anakunywa uji, kwa hivyo nisamehe mwandiko.

Tulikwenda. Filister, Ndeti, akina mama wote wa kando ya mto na wazee wetu. Tulitoka mashambani mapema tukaoga. Mimi nilivaa ile nguo ya bluu niliyovaa mazishi ya Shiundu, maana ndiyo nguo yangu ya mbele ya watu. Ukumbi ulijaa. Kuna msichana wa ofisi aliyekuwa akiandika, anaitwa Jackie, mpole sana. Alisema kila anayesimama ataje jina lake na anakotoka, halafu aeleze hali ya hewa imemfanyia nini shambani.

Basi nikasimama. Nikasema naitwa Sella, mke wa marehemu Shiundu, natoka Malava, Kakamega. Nikasema mvua siku hizi inakuja ikitaka, mahindi yanakauka yakiwa yametoa nywele, na mbolea ya serikali inafika watu wakishapalilia. Watu walipiga makofi. Filister akasema anatoka Butula, Busia, akaeleza ugonjwa wa muhogo. Ndeti akasema yeye ni wa Makueni, akazungumza ukame mpaka watu wakaweka vikombe chini. Mama Kabiru, tulisema vizuri. Sijawahi kuona watu wetu wakisikizwa namna hiyo bila mtu kuangalia saa.

Ya mto hatukuyasema. Kwani utasimama mbele ya serikali useme unapanda sukuma kwenye gunia na mboga za managu kando ya maji machafu? Ni kweli Joan amesoma kwa managu hayo, na ni kweli mama mboga wa mtaa wa Ayany wananingojea asubuhi wasipochelewa. Lakini mtu akiulizwa shamba lake anataja la nyumbani. Na la Malava ni langu hata kama mimi niko huku na shemeji yangu Boaz ndiye anayelilimisha.

Miguu inaniuma. Nilisimama sana siku ile na jana nimemwagilia peke yangu, kijana wangu Kevin amepata kibarua cha mjengo. Magunia matupu nimempa Antony.

Mwambie Kabiru akipima apime na mguu wako, ukae sawa.

Wako,
Mama Joan


Silanga,
6 Mei 2025

Mama Kabiru,

Samahani, nimekaa kimya. Mvua ilitushika, halafu baada ya mvua wakaja watu wa rangi.

Wamepaka X nyekundu kwenye mawe yote kuanzia kwa Ndeti mpaka chini kwangu. Nilimuuliza kijana mwenye brashi ni ya nini, akasema ni mita za kando ya mto zisizolimwa, panarudishwa miti, ni mambo ya sera. Nikamwambia, hiyo sera naijua, mimi mwenyewe nilitoa maoni. Akaniangalia kwa huruma.

Nilimtafuta Jackie mpaka nikafika ofisini kwao. Amechoka yule msichana, alikuwa anakula karanga akisoma. Akanifungulia rasimu. Imeandikwa kwamba kando ya mto hapa Silanga hakuna mkulima aliyejitokeza, kwa hivyo ukanda wote utapandwa miti kwa ajili ya mafuriko. Nikamwambia, hakuna mkulima vipi, na sisi tulijaza ukumbi? Akatafuta. Tumo. Tumeandikwa wageni kutoka kaunti nyingine. Maneno yangu ya mahindi yamo, tena yamepangwa vizuri, lakini yako Kakamega. Ya Filister yako Busia. Ndeti yuko Makueni na ukame wake.

Jackie akaniuliza, Mama, sasa mbona hukusema unalima hapa? Nikamwambia, mwanangu, uliniuliza natoka wapi.

Alinipa karanga. Halafu akanieleza kwamba kuna kikao cha mwisho mwezi wa Juni, cha kusahihisha. Ila mtu anahesabiwa kaunti moja tu. Ukitaka shamba la mto liandikwe, lazima usimame useme jina lako, useme wewe ni wa Kibera, uhesabiwe huku, utolewe kule. Huwezi kuwa mkulima wa Kakamega na wa Nairobi kwa mara moja, watasema tunajihesabu mara mbili ili tupate misaada mara mbili.

Basi ndiyo hayo. Kama hatusemi, baada ya kikao hicho magunia yanaondolewa. Nimechoka hata kukasirika.

Mama Joan


Kawangware,
9 Mei 2025

Mama Joan,

Pole kwa hayo mawe. Lakini barua yako nimeisoma nikitafuta shida iko wapi, sijaiona. Si uende useme? Unatoka Kibera. Ni neno moja. Mimi nasema natoka Kawangware tangu nizaliwe na sijafa.

Ulipokuwa mpangaji wetu hapa, kabla hujahamia huko, ulikuwa unapanda mpaka kwenye karai lililotoboka. Nani atakataa kwamba wewe ni mkulima?

Kama ni kuaibika, ngoja nikuchekeshe. Nimemhoji baba Kabiru mpaka amesema ukweli. Kule Riruta alisimama akasema, naitwa Simeon, landilodi. Akaketi. Hiyo ndiyo ilikuwa kujitambulisha vizuri. Ng'ombe hakuwataja. Na wenzake wote wenye maploti wakafanya hivyo hivyo, huyu ana ploti kule Satellite, huyu ana maduka, na kila mmoja anakunywa maziwa ya zizi lake asubuhi. Kwa hivyo usidhani ni nyinyi tu. Kama ni kufuata hiyo rasimu, Nairobi nzima haina hata kuku.

Nenda useme. Uwachukue na hao wenzako. Mvua haikungoja ujifikirie na hao watu wa rangi hawatangoja.

Mama Kabiru


Silanga,
12 Mei 2025

Mama Kabiru,

Unasema ni neno moja kwa sababu kwako ni moja. Ulipozaliwa ndipo ulipoolewa jirani yake, na ndipo utakapozikwa, na watu wanakuja kukulipa kodi hapo hapo. Hujawahi kuulizwa unatoka wapi. Wewe ndiye huuliza.

Ngoja nikueleze, maana naona sikuwahi kukueleza katika miaka yote hii ya mbolea.

Tulipomzika Shiundu, tulimzika Malava, kando ya nyumba yetu. Ni nyumba ya mabati tu, lakini ni nyumba. Jioni ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula, Boaz alisimama mbele ya wazee akasema, mwanamke aliyeishi Nairobi miaka yote hii ni mtu wa Nairobi, atatusumbulia nini na kipande cha hapa. Wazee wakasema, hapana, ni mke wa ndugu yako, hajasema kwao ni kwingine. Umesikia hiyo? Hajasema kwao ni kwingine. Hicho ndicho kilichonishikia kile kipande mpaka leo. Kila nikienda mazishi, kila harusi, nikiulizwa nasema Malava. Nikisimama kanisani kama mgeni nasema Malava. Huku Kibera siku ya kuhesabiwa watu nilisema Malava.

Sasa niende mbele ya ukumbi niseme mimi ni wa Kibera, nitolewe kule? Na chama cha watu wa Malava wa Nairobi mwenyekiti wake ni nani? Ni Boaz, huyo huyo seremala wa mlangoni penu. Kikao chochote chenye kuandika majina ya watu wetu lazima afike. Neno hilo litafika Malava kabla sijarudi nyumbani kufungua mlango.

Joan ananiambia kuna sheria ya wajane. Iko, najua. Lakini mimi nikienda kule na sheria, nani atanifungulia geti, nani atanichotea maji?

Huku sina kwetu, Mama Kabiru. Nina mahali. Na hapo mahali nimepapenda, sikufichi. Nikishika udongo ule asubuhi nasahau kila kitu. Lakini siwezi kuzikwa ndani ya gunia.

Filister pia amesema haendi, ana yake na wakwe zake. Ndeti anafikiria. Mimi siendi. Usiniandikie tena kama mtu anayemwambia mtoto avae viatu.

Mama Joan


Kawangware,
24 Mei 2025

Kwako Mulamwa, shemeji yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ndugu ya marehemu mume wako ni mzima na kazi ya useremala inaendelea ijapokuwa mbao zimekuwa ngumu.

Nimepata habari kwamba ipo nia ya wewe kusimama mbele ya serikali mwezi ujao na kusema wewe ni mtu wa Kibera. Habari hii sikuitafuta, imeletwa karakanani kwangu na mtu mwenye heshima zake, ambaye alikuwa akikuombea. Nimeshangaa kwamba jambo la nyumba yetu nalisikia kwa landilodi.

Mulamwa, mimi sina ugomvi na wewe. Kama kwenu ni Kibera tuambie tujue. Mimi na wenzangu wa chama tutahudhuria kikao hicho ili tusikie kwa masikio yetu, kwa maana wazee hawapendi habari za kuambiwa. Ukisema Malava, itabaki ilivyo. Ukisema Kibera, hakuna mtu atakayekulaumu, ni haki yako. Ila na sisi tutapanga mambo yetu, kwa sababu ardhi haikai bila mtu.

Wasalimie Joan na Kevin. Mwambie Kevin anaweza kuja karakanani nimfundishe kazi, mjengo utamuua mgongo.

Ni mimi shemeji yako,
Boaz


Silanga,
26 Mei 2025

Mama Kabiru,

Ulimwambia Boaz.

Sina mengi. Usinitumie mbolea. Antony akija nitamrudisha na magunia yake.

Sella


Kawangware,
2 Juni 2025

Mama Joan,

Ulisema nisitume mbolea, sijatuma. Barua hukuikataza. Antony amelalamika kwamba nampeleka Kibera kama tarishi, nikamwambia atembee, mkokoteni auache.

Ni kweli, nilimwambia. Karakana yake iko mlangoni pa ploti yetu, unajua, hata nikienda kununua chumvi lazima nimpite. Nikasimama nikamwambia, Boaz, huyu dada amemzika ndugu yako, mwache aseme anakolima, hiyo haina uhusiano na kipande cha Malava. Alinisikiliza ameshika randa. Akasema, sawa Mama landilodi. Nikarudi nyumbani nikijua nimemaliza kesi. Miaka yote hii nimekaa na wapangaji na bado sijajua kwamba mtu akikuita Mama landilodi hajakubali kitu.

Nilitaka kukusaidia na nimekuharibia. Sina njia nyingine ya kulisema. Nimekosa usingizi, na siyo nyonga.

Barua yako ya Malava nimeisoma tena. Ni kweli, sijawahi kuulizwa. Nilimuuliza Antony njiani anatoka wapi, akasema Mbale, Vihiga. Amenibebea samadi tangu nywele zake zikiwa nyeusi na sikuwahi kujua.

Kikao cha kusahihisha kitakuwa siku moja huku na huko. Nitakwenda mwenyewe. Kabiru hataki. Anasema nikitaja ng'ombe mbele ya serikali, kesho kaunti itakuja kusema ng'ombe hawakai na wapangaji, waondolewe. Nimeanza kuelewa alichokuwa akipima, anataka ghorofa pale. Akisema serikali itawaondoa, nikimtazama usoni haonekani kuhuzunika. Baba Kabiru naye ananiomba niseme chochote ila mfugaji, wazee wenzake watamcheka. Nimewaambia wote wawili kwamba nimechoka kunywa maziwa kwa siri.

Sikuandikii ili uende. Ukikaa nyumbani siku hiyo nitakuelewa. Hilo ndilo nililotaka ujue.

Mama Kabiru


Kawangware,
17 Juni 2025

Mama Joan,

Hujanijibu, na sijui kama barua zangu unazisoma au unawashia jiko. Naandika hivyo hivyo.

Nilikwenda Riruta. Kusema kweli nilisimamishwa, mmoja huku mmoja huku. Nikasema, naitwa Wakarima, natoka hapa hapa, mimi ni mfugaji, nina ng'ombe nyuma ya nyumba za wapangaji, na samadi yao ndiyo inayokuza mboga mnazokula hapa na Ayany. Joto likizidi wanakosa maziwa, na majani tunayowakatia barabarani yanaisha kwa ukame. Hayo yaandikwe. Watu walicheka. Baba Kabiru akawa anakagua kofia yake. Halafu yule mzee mwenye ploti Satellite, yule wa kujivuna, akasimama akasema na yeye ana nguruwe. Haiya. Baada ya hapo walisimama mpaka yule kijana wa kuandika akaomba karatasi nyingine. Kumbe Riruta yote ni wafugaji wa kujificha.

Kaunti ikija itakuja. Nitawangojea na kiti changu mlangoni.

Sasa sikiliza. Boaz alirudi kutoka kikao cha kwenu Jumamosi jioni, akanipita bila salamu. Jana asubuhi amebeba benchi na randa zake, amehamia upande wa pili wa Kawangware, kule Congo. Hakuniaga. Ndivyo nilivyojua kwamba ulisema.

Nimekaa na jambo hilo tangu jana. Nyuma ya zizi, pale Kabiru alipokuwa na kamba yake, ndipo alipolala mama mkwe wangu, kutoka wakati ambao watu walikuwa wakizikwa mashambani mwao huku. Nimemwambia Kabiru hapo hapajengwi nikiwa hai, na nikifa waniulize kwanza. Kando ya mama mkwe pana nafasi. Kama watu wa Malava watakunyima mahali, utalala kwetu. Nimezungumza na baba Kabiru, amekubali. Ameuliza tu wageni wako wa matanga watakaa siku ngapi, maana anawajua Waluhya.

Mbolea imejaa, rundo limefika dirishani na wapangaji wananung'unika. Sijatuma, kwa sababu hujasema.

Mama Kabiru


Silanga, Kibera,
11 Agosti 2025

Mama Kabiru,

Barua zako nilizisoma zote. Sikuwa na hasira tena. Sikuwa na kitu, nilikuwa naamka, namwagilia, nalala. Leo angalau nimekaa mezani.

Siku ile nilitoka nyumbani nikiwa nimeamua nitasema Malava. Nilivaa ile ya bluu. Njiani nikapitia shambani, nikakuta Kevin ametangulia, amerudisha udongo kwenye magunia ambayo maji yalikuwa yameyapasua. Hakujua kama nitapita. Alikuwa anafanya tu, kabla ya kwenda mjengo. Nikasimama pale juu nikimtazama. Huyu mtoto Malava amelala siku za kuhesabika tu, na zote ni za mazishi. Nikaendelea kutembea.

Boaz alikuwa safu ya nyuma na watu wa chama, wamevaa makoti. Jackie akauliza lile lile, jina lako na unakotoka. Nikasema naitwa Sella, mke wa Shiundu. Natoka Kibera. Nalima Silanga kando ya mto, na mafuriko yalibeba mboga zangu, nikapanda tena. Nataka nihesabiwe hapa. Sauti yangu ilitoka ndogo, Jackie akaomba nirudie. Kwa hivyo nilisema mara mbili, Mama Kabiru, nisingeweza kusema sikusikika. Boaz akavaa kofia akatoka. Hakuna aliyepiga makofi safari hii.

Ndeti alisema Kibera. Wengine nao wakasema. Filister alisimama, akatutazama, akasema Butula, akaketi akilia. Hatujamlaumu, jana tumepalilia naye.

Wiki iliyopita Jackie alinipigia simu kunisomea sera yenyewe. Ni mstari mmoja katika kitabu kizima. Unasema mashamba ya mboga kando ya mito ya mjini yatabaki pale ambapo wakulima wake wanajulikana, na miti itapandwa kwa kushauriana nao. Tumeshauriana. Mianzi itapandwa ukingoni, ishike udongo, sisi tubaki juu yake. Zile X bado zipo, hakuna aliyekuja kuzifuta, Ndeti anaanikia nguo hapo. Sijui mstari huo utadumu mpaka lini. Wakibadilisha watabadilisha, tutavaa vizuri tena twende ukumbini. Lakini kwa sasa magunia yapo.

Joan alikwenda Malava mwezi uliopita. Boaz amepanda miwa. Amepanda mpaka ukutani mwa nyumba, na mlango amefunga kwa kufuli ambayo si yangu. Kaburi la Shiundu ameliacha, na njia ya kulifikia, ambayo mtu anapita akigeuka ubavu. Wazee walimwambia Joan, mama yako amesema mwenyewe. Hawakumtukana. Walimpa chai.

Nililia, sitakudanganya. Nililia nikichuma, kwa sababu mama mboga walikuwa wamesimama wananingoja. Shiundu yuko kule peke yake katikati ya miwa na mimi ndiye niliyemwacha. Hilo sitalizoea, usiniambie nitalizoea.

Kuhusu ile nafasi ya kando ya mama mkwe wako. Ile barua naiweka chini ya godoro, na mara nyingine naitoa. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyenipa mahali kabla ya kuniuliza natoka wapi. Mshukuru baba Kabiru. Mwambie wageni wangu watakaa wiki moja, na watakula.

Lakini mimi sijafa, Mama Kabiru. Mvua za vuli ziko karibu, udongo wangu umechoka kuliko mimi, na managu yametoka na majani ya njano. Hilo kaburi liache hapo, halina haraka. Nitumie mbolea.

Mama Joan wa Silanga